Hori limejaa majani ya masika, maziwa yanashuka: kosa utalitafuta wapi

Masika ya Dar es Salaam huanza Machi na kuendelea hadi Mei. Kwa sisi tunaofuga ng'ombe wawili watatu wa maziwa nyuma ya nyumba, Goba, Madale, Chanika, Pugu, Kigamboni, hii ndiyo miezi tunayoingoja tangu Januari, wakati guta moja la majani linauzwa kwa bei ya kumfanya mtu afikirie kuuza ng'ombe. Mvua ikishika siku kumi mabonde yote yanakuwa ya kijani, vijana wa majani wanapiga simu wenyewe, na hori linajaa mpaka juu. Halafu maziwa yanashuka.

Masika yangu ya kwanza hapa Goba nilikuwa na ng'ombe mmoja chotara wa Friesian, tukimwita Sikitu. Alishuka kutoka lita 14 kwa siku hadi 9 ndani ya wiki mbili, na hori halikukauka hata saa moja. Nikaita mtu wa dawa, akamchoma sindano. Wiki iliyofuata akamchoma nyingine. Maziwa ya siku zote hizo nikayamwaga kwa sababu ya dawa. Sikitu hakuwa mgonjwa. Alikuwa na njaa, na mimi nilikuwa nimesimama mbele yake nikimwangalia anavyokula.

Ndiyo maana nasisitiza: kabla ya kumpigia mtu yeyote simu, fanya mambo mawili. Chukua joto la mwili, kisha angalia kinyesi. Themomita ya kawaida inatosha. Iingize sehemu ya haja kubwa, iguse ukuta wa ndani isizame katikati ya kinyesi, ngoja dakika mbili. Ng'ombe mzima mwenye afya ana nyuzi 38 hadi 39.3 hivi. Pima asubuhi mapema, kwa sababu saa nane mchana na joto letu la pwani hata asiyeumwa anaweza kupanda kidogo. Ukipata zaidi ya 39.5 asubuhi, ruka moja kwa moja hadi sehemu ya homa huko chini. Ukipata 38.5, tulia, endelea kusoma kwa mpangilio.

Kinyesi chepesi cha kijani, ng'ombe anakula vizuri, hana homa

Hili ndilo tatizo la kwanza la masika, na ndilo linalopoteza fedha nyingi kwa dawa zisizohitajika. Kinyesi cha ng'ombe wa maziwa kinatakiwa kianguke na kutulia kama uji mzito, kikae juu ya sakafu kwa unene wa vidole viwili hivi, na duara zionekane juu yake. Cha ng'ombe aliyehamishwa ghafla kwenye majani machanga kinaruka, kinapaka mkia na mapaja, kinasambaa kama mboga za majani zilizozidi maji.

Chanzo ni majani yenyewe. Jani lililochipua baada ya mvua ni laini, lina maji mengi, lina protini nyingi na nyuzinyuzi chache (zile nyuzi ngumu za jani). Linapita tumboni haraka kabla halijasagwa ipasavyo. Isitoshe, vijidudu vya tumbo kubwa vinavyomeng'enya chakula vilikuwa vimezoea majani makavu ya Februari. Vinahitaji wiki mbili hadi tatu kujipanga upya. Ukibadilisha chakula kwa siku moja unaviua njaa vingine na kuvilevya vingine.

Nilitaka kujua maji ni mengi kiasi gani, nikapima. Nilichukua kilo moja ya mabingobingo machanga yaliyokatwa siku hiyohiyo, nikayakatakata, nikayaweka kwenye sufuria kubwa juu ya jiko la mkaa, moto mdogo sana, nikawa nageuza kwa mwiko na kupima kila baada ya muda. Jikoni kulinukia kama chai. Mizani ilishuka, ikashuka, ikagoma kwenye gramu 160. Yaani katika kilo ile, gramu 840 zilikuwa maji. Majani yaleyale ya kiangazi, yaliyokomaa, yaliniachia gramu 300.

Sasa fanya hesabu. Ng'ombe wa kilo 400 anayekamuliwa anahitaji chakula kikavu, bila maji yake, karibu asilimia 3 ya uzito wake, yaani kilo 12 kwa siku. Ukimpa kilo 4 za pumba na mashudu, hizo zinampa kama kilo 3 na nusu. Zinabaki 8 na nusu za kutoka kwenye majani. Kwa majani ya kiangazi hizo ni kilo 28 za mzigo. Kwa majani ya masika ni kilo 53, karibu mara mbili. Na kama yamekatwa mvua ikinyesha, ongeza na maji yaliyoshikamana nje ya jani. Kijana wako akileta mzigo uleule wa kila siku, ng'ombe anapata karibu nusu tu ya chakula anachotegemea kutoka kwenye majani. Tumbo linajaa, damu inabaki na njaa.

Cha kufanya ni hiki. Majani yakifika asubuhi, yatandaze chini ya paa penye upepo, yanyauke mpaka alasiri, ndipo uyakate na kumpa. Changanya na kitu kikavu: hei, mabua ya mpunga, mabua ya mahindi. Anza na mchanganyiko wa robo majani mapya na robo tatu ya yale aliyozoea, ongeza kidogokidogo kwa siku kumi hadi kumi na nne. Marobota ya hei yanapatikana Kibaha, kwenye shamba la malisho la Vikuge. Yanunue Januari au Februari na uyaweke juu ya mbao, kwa sababu likiingia maji robota zima linaoza. Kilo 2 au 3 za hei kwa ng'ombe kila siku, apewe kabla ya majani mabichi, hubadilisha kinyesi ndani ya siku nne tano.

Kosa moja ninaloliona kwa wenzangu wengi: maziwa yakishuka wanaongeza mashudu. Majani machanga tayari yana protini ya kutosha. Kinachopungua ni nguvu na nyuzi. Mashudu ya ziada yanageuka kuwa mzigo kwa ini, na ng'ombe anaweza hata kurudia joto mara tatu nne bila kushika mimba. Mwezi huo punguza mashudu kidogo, ongeza pumba ya mahindi au molasi, na utafute nyuzi.

Kipimo rahisi cha nyuzi hakihitaji chombo chochote. Ng'ombe akiwa amelala anacheua, hesabu anatafuna mara ngapi tonge moja kabla hajalimeza. Mara 50 hadi 70 ni vizuri. Akitafuna mara 35 anameza, chakula chake ni laini mno. Na ukipita bandani saa tano asubuhi ukakuta waliolala wengi hawacheui, hapo una jibu hata kabla ya kuangalia kinyesi.

Kinyesi chepesi, lakini kuna jambo la ziada

Kama kina damu au ute, na ng'ombe amenuna, au joto limepanda, hayo ni maambukizi na anahitaji daktari. Kikiwa cha kijivu, chenye povu na punje za nafaka ndani yake, hasa siku moja au mbili baada ya ng'ombe kuvamia gunia la pumba au kupewa machicha ya bia bila kipimo, tumbo limechachuka. Ondoa pumba zote, mpe hei tupu, ita daktari akiwa amelegea.

Halafu kuna kuhara kwa pole pole, wiki hadi wiki, manyoya yakisimama na kukosa mng'ao. Vuta kope la chini: ndani lazima pawe na rangi ya waridi, penye damu. Pakiwa peupe, na chini ya taya pana uvimbe laini kama mfuko wa maji, shuku minyoo, na kwa majani ya mabondeni shuku minyoo bapa wa ini. Konokono wa majini ndio wanaowabeba, na majani yaliyokatwa kwenye maji yaliyosimama ya mito ya Msimbazi, Mzinga au Mpiji ndipo minyoo wachanga wanaponata. Kukausha majani kuwa hei kunapunguza hatari hiyo. Kuhusu dawa, albendazole hufanya kazi kwa minyoo ya ini iliyokomaa tu, tena kwa kipimo kikubwa zaidi kuliko cha minyoo ya kawaida, na haifai kwa ng'ombe mwenye mimba changa. Peleka sampuli ya kinyesi maabara ya TVLA (Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania) pale Temeke kwanza. Ukijua ni nini hasa, utanunua dawa moja badala ya tatu.

Mteja anasema maziwa ni mepesi

Hili linauma kuliko yote kwa sababu linagusa jina lako. Mama mmoja mwenye mgahawa, mteja wangu wa miaka, aliniambia mbele ya watu: "Baba, maziwa yako siku hizi chai haishiki rangi. Mmeyatia maji?" Nilikosa usingizi. Kijana wangu wa kukamua alinusurika kufukuzwa kazi siku ile, naye hakuwa na kosa.

Mafuta ya maziwa yanategemea nyuzi. Nyuzi zikipungua kwenye chakula, mafuta hushuka, hata kama lita hazikupungua. Maziwa yanakuwa meupe yanayoelekea bluu kidogo, na utandu wake ukichemsha ni mwembamba. Mteja hana njia ya kutofautisha hapo na maji. Wewe unayo: laktomita, kile kifaa kinachoelea kupima uzito wa maziwa.

Maji yakiingia kwenye maziwa, kipimo kinashuka, kwa sababu maji ni mepesi kuliko maziwa. Mafuta yakipungua, kipimo hakishuki, kinaweza hata kupanda kidogo, kwa sababu mafuta ndiyo sehemu nyepesi ndani ya maziwa. Kwa hiyo maziwa mepesi yanayosoma 28 hadi 32 ni ya ng'ombe anayekosa nyuzi. Maziwa mepesi yanayosoma 24 yana maji, na hapo kuna mtu wa kuulizwa. Usipime maziwa ya moto yaliyotoka kiweleni sasa hivi. Yana hewa na joto, yatasoma pungufu. Yaache yapoe na povu litulie, yakoroge taratibu, ndipo utumbukize laktomita.

Nilimrudia yule mama na laktomita na chombo, nikampimia pale pale mezani kwake. Nikamwambia, "Mama, hakuna maji humu. Ng'ombe anakula majani mateke, nipe siku kumi." Nikaanza hei. Siku ya nane alinipigia mwenyewe.

Kuna na harufu. Mabaki ya kabichi na vitunguu kutoka sokoni Mabibo au Buguruni hupeleka harufu kwenye maziwa. Mpe baada ya kukamua, kamwe si saa moja kabla.

Majani yapo, ng'ombe anayanusa na kuyaacha

Ingiza mkono katikati ya mzigo. Ukikuta joto, majani yameshaanza kuchacha. Vijana wanakata alfajiri, wanafunga matita yakiwa na umande au mvua, yanakaa juu ya pikipiki au guta kwa saa tatu kwenye jua, na katikati panakuwa pa moto kiasi cha kutaka kuondoa mkono. Ng'ombe anajua kabla yako. Mwambie kijana asifunge matita makubwa, na yakifika fungua kamba zote mara moja.

Sababu nyingine ni mahali yalipokatwa. Kando ya barabara kuu yana vumbi na mafuta ya magari. Kando ya mifereji ya viwandani yana mengine mabaya zaidi, na Msimbazi umepimwa mara nyingi na kukutwa na madini mazito. Mimi majani ya bonde la Msimbazi kwa ng'ombe wa maziwa nimeyakataa kabisa, hata yakiwa ya bure. Muulize kijana wako anakata wapi, na siku moja panda naye uone.

Masika huharibu pia pumba. Gunia likinyonya unyevu wa sakafu linaota ukungu, na baadhi ya ukungu huo hutoa sumukuvu. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Kwa ng'ombe sumu hiyo hubadilika na kutoka kwenye maziwa, na kuchemsha maziwa hakuiondoi. Pumba yenye harufu ya ukungu, iliyoshikamana madonge, isiende horini wala kwa kuku. Wenzangu huichanganya kidogokidogo "isipotee". Maziwa hayo wanakunywa watoto. Naomba tusifanye hivyo.

Ubavu wa kushoto umevimba

Hapa hakuna muda wa kusoma makala, kwa hiyo yasome leo. Simama nyuma ya ng'ombe. Upande wa kushoto, mbele ya nyonga, kuna shimo dogo. Kwa mwenye njaa linaonekana wazi. Likiwa limejaa mpaka limepita uti wa mgongo, na ukipiga kwa vidole linalia kama ngoma, tumbo limejaa gesi. Ng'ombe anahema kwa mdomo wazi, anatupa miguu tumboni, ulimi nje.

Chanzo cha kawaida ni majani mabichi ya jamii ya kunde, matembele mateke, au kabichi, vikiliwa kwa wingi tumbo likiwa tupu, hasa vikiwa na umande. Gesi inanaswa ndani ya povu na haiwezi kutoka kwa kuteuka. Mpe mafuta ya kupikia, nusu lita kwa ng'ombe mkubwa, kwa chupa ya plastiki pembeni ya mdomo, taratibu, bila kuinua kichwa chake juu; ukikiinua mafuta yatakwenda mapafuni na utamuua kwa dawa. Msimamishe mahali pa mteremko, miguu ya mbele juu. Funga kijiti mdomoni kama lijamu ili atafune na kutoa mate. Mtembeze polepole. Huku mtu mwingine anampigia daktari.

Kama anatokwa mate mengi, anakohoa na kunyoosha shingo, kuna kitu kimekwama kooni: embe, kiazi, kipande cha muhogo. Mafuta hayatasaidia sana hapo na kusukuma kwa fimbo kutatoboa koo. Ita daktari haraka. Akianza kuanguka kabla daktari hajafika, ndipo hutobolewa ubavuni kwa trokari (chuma chenye ncha na mrija wa kutolea gesi), na ni vizuri ukaonyeshwa na daktari mapema mahali penyewe, siku ambayo hakuna dharura.

Kinga ni ndogo: asiamke na njaa akakutana na matembele. Kwanza hei au majani makavu, halafu hayo mengine kwa kiasi.

Na uvimbe wa aina nyingine, mdogo, unaokuja na kuondoka kila wiki, ng'ombe akikonda, joto la kawaida, dawa zote zikigonga mwamba? Fikiria plastiki. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019, lakini vifungashio, kamba na nailoni za zamani bado ziko kwenye mabonde, na mvua huzifukua. Zinajikusanya tumboni kuwa donge ambalo halitatoka isipokuwa kwa upasuaji. Misumari na nyaya nazo huchoma ukuta wa tumbo: ng'ombe anakunja mgongo, hataki kushuka mteremko, anaguna ukimbana juu ya mabega, na maziwa yanakatika ghafla. Kila mzigo tunaupiga chini mara tatu juu ya sakafu safi kabla ya kuupeleka kwenye mashine ya kukatia majani. Wiki moja Aprili iliyopita tuliokota kipande cha waya wa kuvutia umeme, vifuniko viwili vya soda, kamba ya manila kama mita moja, na nusu ya kandambili. Ng'ombe anayelamba kuta, anayetafuna kamba na mifupa, mara nyingi anakosa chumvi na fosforasi. Jiwe la kulamba liwepo bandani siku zote.

Homa: zaidi ya nyuzi 39.5 asubuhi

Watu husema, "Ng'ombe wangu hatoki bandani, ndigana itampataje?" Ndigana ni ugonjwa wa kupe, na inampata kwa mzigo wa majani. Kupe wa kahawia wa masikioni hutoka kwa wingi wakati wa mvua, hupanda kwenye ncha za majani, na kijana wako anawaleta nyumbani ndani ya matita.

Weka vidole chini ya sikio, nyuma ya taya, kisha mbele ya bega. Tezi zikiwa zimevimba kama yai au limau, na joto ni 40 au 41, chukulia kuwa ni ndigana kali mpaka daktari athibitishe vinginevyo. Huanza wiki moja hadi tatu baada ya kupe kuuma. Siku za kwanza anakula bado, na hapo ndipo dawa hufanya kazi. Akianza kukohoa na kutoa povu puani, mapafu yameshajaa maji na wengi hawaponi. Dawa yake ni ile ya buparvaquone. Sindano ya oksitetrasaiklini, ambayo ndiyo wengi wanakimbilia kwa sababu ni rahisi na ipo kila duka, haitoshi kuiponya ndigana kali iliyokwisha kujionyesha. Inasaidia ndigana baridi, ambayo dalili zake ni nyingine: homa, kope nyeupe au za njano, kinyesi kikavu kigumu, kukonda kwa haraka. Mkojo ukiwa mwekundu kama chai ya rangi au kahawa, ni ugonjwa wa tatu wa kupe, na dawa yake ni nyingine tena. Mtu atakayekuja kuchoma sindano bila kushika tezi, bila kuvuta kope, bila kuuliza mkojo, mshukuru na umwombe aende.

Ogesha kila wiki wakati wa mvua, kwa kipimo cha kwenye chupa. Dawa iliyozimuliwa mno inafundisha kupe kuizoea. Usisahau ndani ya masikio na chini ya mkia. Chanjo ya ndigana kali ipo, huchomwa mara moja na kinga yake hudumu miaka mingi. Waulize maafisa mifugo wa manispaa yako lini watachanja kwa kundi, kwa sababu dozi huja kwa wanyama wengi pamoja.

Homa pamoja na robo moja ya kiwele kuwa ngumu, ya moto, na mabonge kwenye maziwa: hapo ni ugonjwa wa kiwele. Kamua mikono miwili ya kwanza kwenye kikombe cheusi kila siku uone mabonge mapema. Baada ya kukamua mpe chakula asilale kwa nusu saa, tundu za chuchu zifunge kabla hajagusa tope.

Kuchechemea na harufu mbaya kati ya kwato ni tope la banda. Safisha, paka dawa, inua sakafu.

Anahema kama amekimbia, hana homa kubwa, maziwa ya jioni pungufu

Februari na Machi ndiyo miezi ya joto letu, na mvua za kwanza huongeza unyevu bila kupoza. Hesabu mbavu zinavyopanda kwa dakika. Zaidi ya 60 akiwa kivulini, joto limemzidi. Ng'ombe wa hivyo hula kidogo mchana, kwa hiyo sehemu kubwa ya chakula ahamishiwe saa mbili usiku na saa kumi alfajiri. Maji yawepo usiku kucha. Paa la bati liwe juu, kuta ziwe wazi; banda lililozibwa kwa kuogopa wezi linaiba lita kila siku.

Anatetemeka, anapepesuka au ameanguka

Dakika chache baada ya kula machipukizi ya mtama au majani ya muhogo mchungu: sumu ya sianidi. Fizi ni nyekundu sana, anahema kwa nguvu. Baada ya kula mabingobingo yaliyomwagiwa samadi na urea kwa wingi, yakaota haraka baada ya ukame, na fizi ni za kahawia kama chokoleti: naitreti. Mwambie daktari rangi ya fizi kwenye simu, kwa sababu dawa zake ni tofauti na atajua abebe ipi. Mtama usio na urefu wa kufika kiunoni usimpe. Naitreti haiondoki kwa kukausha majani, hivyo usidhani hei itakuokoa kwa hayo.

Wafugaji wa nchi za baridi, Uingereza au New Zealand, wana tatizo jingine wanapofungulia ng'ombe kwenda kwenye majani mapya baada ya majira ya baridi: magnesi hupungua mwilini, ng'ombe anashtukashtuka, anaanguka na kupiga miguu. Kwetu si la kila siku, ila mwenye maziwa mengi anayelishwa majani mateke matupu yenye mbolea nyingi anaweza kulipata. Ni dharura ya saa moja mbili.

Kinachotokea sana hapa ni yule aliyezaa ndani ya siku tatu zilizopita. Masikio ya baridi, pua kavu, amelala na shingo imepinda kuelekea ubavuni kama anajisikiliza. Joto liko chini ya 38. Ni upungufu wa kalsiamu. Usimpe chochote mdomoni, kwa sababu hawezi kumeza vizuri. Usimwache alale ubavu. Mkalishe kifua chini, weka magunia ya mchanga pande zote mbili asipinduke, mfunike kama mvua inapiga ndani. Kalsiamu huingizwa kwenye mshipa wa shingo na daktari, taratibu sana huku akisikiliza moyo, na mara nyingi ng'ombe huteuka, hujisaidia, na kusimama mbele yako kabla chupa haijakauka. Siku mbili za kwanza baada ya hapo usimkamue mpaka kiwele kiishe, mwachie kiasi.